Pikapu Ikikosa Nguvu Mlimani: Maswali na Majibu

Anayesafiri kutoka Morogoro kwenda Iringa anajua kwamba Kitonga hakuna mchezo. Pikapu iliyokuwa ikichanja mbuga vizuri kwenye tambarare, magunia nyuma, inafika kwenye zile kona za kupanda na kuanza kuzubaa. Dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho, gari halivuti. Anashusha gia moja, kisha nyingine. Kesho yake gari liko gereji, na hukumu inatoka kabla boneti haijafunguliwa: nozeli zimekufa.

Huenda ni kweli. Lakini nozeli nne ni gharama kubwa, na kasoro inayotoa dalili zilezile inaweza kuwa mpira uliopasuka. Majibu yafuatayo yamejengwa juu ya Toyota Hilux ya dizeli, hasa Vigo iliyoingia sokoni mwaka 2004 ikiwa na injini za 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0. Kanuni zake zinafaa pia kwa Isuzu D-Max, Ford Ranger na Nissan Navara.

Swali: Fundi aanzie wapi?

Jibu: Aanze kwa kumhoji dereva. Nguvu zilipotea ghafla au kidogo kidogo? Zikipotea ghafla, kuna uwezekano mkubwa wa mpira wa hewa kuchomoka, sensa kufa au dizeli kuwa na maji. Zikipungua taratibu kwa miezi, kinachoshukiwa ni filta, masizi au uchakavu. Taa ya injini iliwaka? Mafuta yalijazwa wapi mara ya mwisho?

Kisha afuate mambo matatu ambayo injini ya dizeli haiwezi kuyakosa: hewa ya kutosha, dizeli safi yenye presha, na njia wazi ya kutolea moshi. Cha bei nafuu kikaguliwe kwanza. Kwenye barabara za vumbi, filta ya hewa inaweza kuziba mapema zaidi kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

Swali: Moshi unaweza kusaidia?

Jibu: Sana. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: filta ya hewa imeziba, mpira wa tabo (turbo) unavuja, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) imekwama wazi, au nozeli inamwaga. Moshi mweupe injini ikiwa imeshapata moto ni dizeli isiyoungua au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Kiwango cha maji kinachoshuka kila siku kinatofautisha hayo mawili. Moshi wa bluu ni oili, ama kutoka kwenye tabo au kwenye ringi za pistoni.

Hali inayowachanganya wengi ni gari lisilo na nguvu wala moshi. Hapo mara nyingi dizeli haifiki ya kutosha, au kompyuta ya gari imeipunguza kwa makusudi ili kuilinda injini.

Swali: Dizeli yenyewe inakaguliwaje?

Jibu: Kwa chupa ya kioo. Fundi anafungua koki iliyo chini ya filta ya dizeli, anakinga kiasi kwenye chupa safi na kuiacha itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yatajikusanya chini na mpaka kati ya hivyo viwili utaonekana waziwazi. Akitaka kujua kama pampu inavuta hewa, anaunganisha kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu. Mapovu yakipita mfululizo injini ikiwaka, kuna kiungo kinachovuja upande wa tangi.

Mafuta ya taa yanayochanganywa kwenye dizeli ni tatizo jingine. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulainisho huo. Faida ya kuchakachua inatokana na tofauti ya bei, ndiyo maana Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018.

Swali: Tabo ikitoa mlio, ndiyo imekufa?

Jibu: Si lazima. Mlio wa "fyuuu" unaozidi gari likivuta mzigo mara nyingi ni hewa inayotoroka kwenye mipira inayoingia na kutoka kwenye intakula (kipoza hewa ya tabo). Fundi apitishe mkono chini ya kila klipu. Utando wa oili uliochanganyika na vumbi humwonyesha pa kutazama. Ufa mwingine hufunguka presha inapopanda tu, kwa hiyo mpira ukunjwe na kuminywa, usitazamwe juu juu.

Akiridhika na mipira, ndipo aichunguze tabo. Shafti kucheza kidogo sana kwenda pembeni ni kawaida. Ikisogea mbele na nyuma kwa kuhisika, au mapanga yake yakigusa nyumba yake, tabo imechakaa. Kwenye 1KD kuna pia vipanga vinavyojigeuza upande wa eksozi, na masizi huvikwamisha.

Swali: Je, kupima kwa mashine hakumalizi kazi?

Jibu: Mashine huonyesha eneo la tatizo, si spea ya kununua. Msimbo P0299 unasema presha ya tabo iko chini. Haujui kama ni tabo au klipu iliyolegea. P0087 unasema presha ya dizeli kwenye reli ni ndogo. Kisababishi kinaweza kuwa filta, hewa, valvu ya SCV (inayodhibiti dizeli inayoingia) kwenye pampu, pampu yenyewe au nozeli.

Kwa nozeli kipo kipimo rahisi. Mipira ya kurudisha dizeli inachomolewa na kila nozeli inapewa kichupa chake, injini inaachwa sailensa (bila kukanyaga mafuta) kwa dakika chache, kisha vichupa vinapangwa sambamba. Kimoja kikijaa haraka kuliko vingine, nozeli hiyo inarudisha dizeli badala ya kuipeleka kwenye silinda.

Swali: Inawezekana injini haina kosa lolote?

Jibu: Ndiyo. Mlio wa injini ukipanda huku mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza. Ringi ya gurudumu moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine baada ya safari, breki imekamata. Matairi makubwa kuliko ya kiwandani nayo hulifanya gari liwe zito kuondoka.

Mwinuko nao una sehemu yake. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, kwa hiyo Hilux ya zamani yenye injini ya 3L au 5L isiyo na tabo haiwezi kuvuta Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, kama inavyovuta Mombasa.

Swali: Mwenye gari atajuaje kwamba limepona kweli?

Jibu: Asikubali kuonyeshwa taa iliyozimwa tu, kwani msimbo unaweza kufutwa bila kurekebisha chochote. Gari lijaribiwe na mzigo, kwenye mlima uleule lilikoshindwa, mashine ikisoma presha ya tabo na ya reli wakati linapanda. Na spea za zamani arudishiwe, zikiwemo nozeli zote zilizobadilishwa.