Dondoo muhimu: Bustani ya ofisi ya utafiti, Kolwezi

Kabla ya kuchora ramani ya bustani, jua kilichomo ardhini.

1. Pima shaba, kobalti na asidi kwenye udongo. Haumaniastrum katangense, lile "ua la shaba", likiota lenyewe ni dalili ya shaba, lakini kipimo chenyewe ni cha maabara.
2. Penye madini mengi, changanya chokaa na mboji, kisha panda Microchloa altera. Nyasi hizi huvumilia shaba, na watafiti wa Lubumbashi wamezijaribu kwenye udongo wa namna hiyo.
3. Usilime lengalenga wala matembele hapo, hata kama kantini inaomba: mizizi hufyonza madini, na majani hukusanya vumbi la barabarani.
4. Usiruhusu katapila kufyeka kiwanja kizima, kosa linalorudiwa katika miradi mingi. Zungushia kamba miti ya miombo, hasa misuku, kabla mashine haijafika.
5. Acha vichuguu vikubwa. Vina kivuli na udongo mzuri.
6. Panda mvua zikishika, Novemba au Desemba. Mche wa Machi hukutwa na kiangazi ungali mchanga.
7. Mikaratusi? Mbali na kisima.
8. Funika udongo mtupu kwa majani makavu, usiyachome.