Motokari ya Umeme katika Safari Ndefu: Ukimya Wake Usikulaze



Tangu motokari za kwanza za umeme ziingie katika garaje yetu, maulizo mengi yanafika kwenye dispanseri. Mmoja anauliza kama batri ile kubwa inapunguza nguvu za mwanaume. Mwingine anauliza kama kuran itampiga akipanda ndani wakati wa mvua. Wa tatu, shofere wa miaka mingi, aliuliza neno moja tu: "Munganga, mbona motokari hii hainichokeshi?"

Kwa maulizo mawili ya kwanza jibu ni fupi. Nguvu za sumaku zilizopimwa ndani ya motokari za namna hii ziko chini ya mipaka iliyowekwa kwa ajili ya afya, na waya za kuran kubwa zimefungwa vizuri hata maji ya mvua hayazifikii. Ulizo la tatu ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya ukurasa huu, maana ndani yake kuna hatari.

Kiangazi hiki nimeendesha motokari ya umeme mara tatu kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi na kurudi, kwa kupeleka dawa na vyombo. Njia yote ni kilometa 300 hivi: 120 mpaka Likasi, na 180 zinazobaki. Watu wengi njiani wanasema kwamba hiyo ni mtoto wa Kolwezi aliyerudi nyumbani, kwa sababu ya kobalti yetu. Hapo wanakosea kidogo. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kobalti ya ulimwengu, karibu asilimia 70, inachimbwa katika nchi yetu. Lakini batri ya motokari tuliyopewa ni ya chuma na fosfati, haina kobalti hata kidogo. Shaba ndiyo imejaa ndani: motokari ya umeme inabeba karibu kilo 80 za shaba, zaidi ya mara tatu ya motokari ya esansi. Basi tuseme ni mtoto wa ndugu.

Sasa turudi kwa yule shofere. Motokari ya mazutu inaongea na wewe saa zote. Moteri inanguruma, usukani unatetemeka, mguu unasikia pedali. Kelele hizo zinachokesha, hatukatai. Lakini zinaonya pia. Ukifika kilometa 110 kwa saa, sikio linajua kabla ya jicho. Katika motokari ya umeme sikio halijui kitu. Baada ya kupita Luisha nilimwomba mwenzangu aliyeshika usukani aniambie mwendo wake bila kutazama namba. Alisema 80. Namba ilionyesha 105. Naye si mtoto katika kazi hiyo. Kwa hiyo agizo la kwanza: tazama namba ya mwendo mara kwa mara, kila unapoona kijiji, kila unapoona kamyo mbele. Usitegemee masikio.

Agizo la pili ni juu ya usingizi. Shofere yule alisema kweli, mwili wake haukuuma: mgongo mzima, kichwa hakilii. Lakini uchovu wa mwili na njaa ya usingizi ni vitu viwili mbalimbali. Usingizi hautoki katika moteri. Unatoka katika hesabu ya saa ulizokaa macho. Mtu aliyekaa macho saa 17 anaendesha kama mtu mwenye gramu 0.5 ya pombe katika kila lita ya damu. Wewe uliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, ukapumzika mchana bila kulala, ukaingia zamu ya usiku na kutoka alfajiri, umekaa macho saa 24. Ukipewa usukani wakati huo, hata motokari iwe laini namna gani, wewe ni mgonjwa anayeendesha. Tena ulaini wake utakubembeleza kama mama anavyombembeleza mtoto.

Fanya hesabu hii na watoto wako nyumbani. Mwendo wa kilometa 90 kwa saa ni meta 25 kwa sekunde moja. Macho yakifumba sekunde 4, motokari imekwenda meta 100, urefu wa uwanja wa mpira, bila mtu wa kuiongoza. Ninyi mnaijua njia ya Likasi na Kolwezi. Katika meta 100 kuna baba anayesukuma kinga yake yenye magunia manne ya makala. Kuna kamyo lililoharibika bila alama yoyote nyuma. Karibu na Fungurume kuna watoto wanaotoka masomoni. Na katika kiangazi kuna moshi wa majani yanayochomwa na vumbi la makamyo, hata usione mbele vizuri.

Dalili mnazijua: miayo inayofuatana, kichwa kinachoanguka na kuamka, kutokumbuka kilometa za mwisho, motokari inayogusa ukingo wa njia. Ukiona moja tu, simama mahali pa usalama, mbali na lami. Kufungua dirisha na kupandisha radio hakusaidii zaidi ya dakika chache. Kinachosaidia ni kulala dakika 15 au 20. Ukiwa na kahawa, inywe kwanza ndipo ulale, kwa sababu inahitaji karibu nusu saa kufanya kazi. Utaamka wakati inaanza. Halafu tembea kidogo kabla ya kushika usukani tena. Hata kama husikii usingizi, kila saa mbili shuka chini.

Hapa motokari ya umeme inatusaidia, kama tunakubali kusaidiwa. Wakati batri inajazwa Likasi, shofere anapata muda ambao motokari ya mazutu haikumpa. Lakini niliona nini? Mashofere wengine wanabaki kwenye kiti dakika 40, kichwa katika telefone. Huko si kupumzika. Damu ya miguu inatulia, macho hayapati nafasi. Shuka, nyosha miguu, kunywa maji, kojoa. Anayejinyima maji ili asisimame njiani anajiletea maumivu ya kichwa na mawazo mazito, na figo zake hazimshukuru.

Sasa jambo la batri kuisha njiani, ambalo linawapa wengi hofu. Hofu hiyo ni ugonjwa mdogo wa safari hizi: shofere anatazama asilimia za batri kuliko njia. Dawa yake ni hesabu kabla ya kuondoka. Batri yetu ina kilowati-saa 60. Katika mwendo wa 80 motokari inakula 15 hivi kwa kilometa 100, maana yake batri iliyojaa inakwenda kilometa 400. Katika mwendo wa 110 inakula 20 au zaidi, na kilometa zinashuka mpaka 300. Ndiyo njia yote ya Lubumbashi mpaka Kolwezi, bila akiba! Sababu ni hewa: upepo unaosukuma motokari nyuma kwenye 110 unazidi ule wa 90 karibu mara moja na nusu. Kolwezi nayo iko juu zaidi, kwa meta 200 hivi, basi kwenda kunakula kuliko kurudi. Jaza Likasi hata kama unafikiri batri inatosha. Kuran inaweza kukatika huko mbele, na aliye na mgonjwa au dawa za baridi ndani ya motokari hana haki ya kubahatisha.

Wengine, kwa kuogopa batri, wanazima klimatizeri katika joto la mwezi wa kumi na kufunga madirisha kwa ajili ya vumbi. Nasema wazi, hiyo ni akili mbaya. Klimatizeri inakula kilowati 1 hivi, mara nyingine 2. Katika safari ya saa nne hizo ni kilometa 25 mpaka 50 tu, na kwa kupunguza mwendo kutoka 110 mpaka 80 unapata kilometa 100. Shofere aliyekaa katika joto kali anachelewa kuona hatari na anachelewa kukanyaga freni. Punguza mwendo, acha klimatizeri ifanye kazi.

Freni pia ina desturi yake. Ukiondoa mguu kwenye pedali, moteri yenyewe inashika motokari na kurudisha kuran katika batri. Unazoea upesi, na inapendeza. Lakini asubuhi, batri ikiwa imejaa kabisa, hakuna nafasi ya kupokea kuran hiyo, na motokari haishikwi sana kama jana jioni. Basi katika kilometa za kwanza weka mguu tayari juu ya freni ya kweli. Tena motokari hii ni nzito, batri peke yake ina kilo mia nne hivi. Angalieni hewa ya mipira kabla ya kila safari ndefu.

Mama mmoja tuliyemsafirisha kutoka Kolwezi alitapika mara mbili, naye hakuwahi kutapika katika basi. Si chakula. Shofere alikuwa akiondoa mguu ghafula na kuurudisha ghafula, na masikio ya ndani ya yule mama yalichanganyikiwa, maana hakusikia moteri ya kumtayarisha. Ondoa mguu polepole. Msafiri anayesikia kichefuchefu akae mbele na kutazama mbali, asitazame telefone.

Na walio nje? Kipofu, mzee, mtoto anayecheza, wote wanavuka njia kwa masikio. Katika nchi za Ulaya, tangu mwezi wa saba wa 2021, kila motokari mpya ya umeme lazima itoe sauti ikienda chini ya kilometa 20 kwa saa. Yetu inatoa mlio mdogo, lakini katika soko la Likasi nani atausikia? Kwa hiyo wewe ndiye masikio yao. Katika kambi, karibu na masomo na mbele ya hospitali, nenda mwendo wa mtu anayetembea, na usirudi nyuma kama hakuna mtu wa kukuongoza.

Neno kwa walio na motokari ya namna hii nyumbani. Prizi ya kawaida ya volti 220 inatoa kilowati 2 hivi, basi usiku wa saa kumi unakupa kilometa 100 au zaidi kidogo, si batri nzima. Usitumie ralonji nyembamba, wala iliyokunjwa, wala prizi iliyolegea. Waya inapita na nguvu nyingi saa nyingi, inapata moto wakati ninyi mmelala.

Mwisho, ajali. Motokari inaweza kuwa hai bila sauti yoyote. Mtu wa kwanza kufika aiweke kwenye P, aizime, apeleke ufunguo mbali. Waya za rangi ya machungwa zina volti 400 au zaidi. Asiziguse mtu, hata kwa kamba au chuma. Batri ikitoa moshi, mlio wa kupuliza au harufu kali, toa watu na uwapeleke mbali, upande ambako upepo unatokea. Batri ya chuma na fosfati haiwaki upesi kama nyingine, lakini ikiwaka, chombo kidogo cha kuzimia moto hakitaishinda. Inahitaji maji mengi sana, na inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi, hata siku kadhaa. Kwa hiyo isiingizwe katika garaje iliyofungwa, wala isiwekwe karibu na motokari nyingine.

Moshi wa batri una gesi ya floridi inayochoma macho, ngozi na mapafu. Macho na ngozi vioshwe kwa maji mengi, nguo zitolewe. Aliyevuta moshi huo anaweza kusema ni mzima, akacheka na wenzake, na mapafu yake yakaanza kujaa maji baada ya saa kadhaa. Msimwache aende kulala nyumbani. Mleteni dispanseri siku ile ile, hata akikataa, nasi tutamlinda usiku kucha.