Chungu cha Wakati wa Kusi

Kaskazi ikivuma, nyumba ya mvuvi wa visiwani, awe wa Faza au Kizingitini, haina shida ya kitoweo. Kusi ikishika, tangu mwezi wa 4 hadi wa 9 hivi, bahari huchafuka, vyombo vidogo hubaki pwani na samaki hupanda bei. Mboga nazo hutoka mashamba ya bara, Mpeketoni na Hindi, zikavushwa kwa mashua kutoka Mokowe, na kila mkono uliozipokea umeongeza chake. Basi pesa za jikoni visiwani hupangwa kwa upepo.

Nguru ni mtamu, lakini mwili haujui bei yake. Tasi na changu wadogo wanaujenga vilevile, na dagaa akiliwa na miba yake humpa mtoto madini ya chokaa ya kukaza mifupa na meno. Samaki wakiwa tele, pasua, tia chumvi, anika juani juu ya chanja na ufunike kwa wavu, nzi wasitue. Siku ya kumpika ng'onda huyo, mroweke usiku, mwaga maji, roweka tena, wala usitie chumvi chunguni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Mwenye presha amfanye ng'onda na papa mkavu kuwa wa mara mojamoja.

Siku samaki hakupatikana, pika pojo. Roweka kibaba kimoja usiku kucha, mwaga maji, chemsha hadi ziive. Kuna nazi moja, uikamue. Kasimele, yaani tui zito la kwanza, iweke kando. Pikia tui jepesi, kitunguu, nyanya na bizari, kisha mimina kasimele mwishoni kwa moto mdogo isikatike. Hapana haja ya kukaanga kitunguu, nazi ina mafuta ya kutosha. Pojo kwa wali, au kunde kwa ugali: kilichopungua kwenye nafaka kimo kwenye kunde. Kamulia ndimu sahanini, kwani husaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyo kwenye pojo. Chai ya mkandaa huyazuia, kwa hiyo ingoje saa moja baada ya kula, hasa kwa mjamzito.

Mchunga unajiotea wenyewe mashambani, na majani ya mronge hukatwa uani. Siku hizi wako wanaoona haya kuonekana wakichuma mchunga, huku wakinunua kabichi iliyonyauka safarini! Kisamvu kitwangwe na kichemshwe sana. Kibichi kina sumu.

Mahamri sitasema yaachwe, maana hakuna atakayenisikiliza. Ila andika pesa za soda za wiki moja, uone zingenunua mayai mangapi.

Mtoto mchanga anyonye tu, bila hata maji, hadi miezi 6. Baada ya hapo mpondee pojo, na samaki aliyetolewa miba, umchanganyie kwenye uji wake huku akiendelea kunyonya. Kuanzia umri huo hadi miaka 5, mhudumu wa afya ya jamii humpima mkono kwa utepe wa rangi. Ukisoma chini ya sentimita 12.5 ni manjano, mpeleke kliniki wiki hiyohiyo. Chini ya 11.5 ni nyekundu, mpeleke siku hiyohiyo.