Data Zikivuja, Mkopo Utakwama?

SWALI: Msomaji wa Nakuru amesikia kuwa data za wateja wa kampuni anayoitumia zimevuja. Je, benki itamnyima mkopo?

JIBU: Kuvuja kwenyewe hakumharibii mtu sifa. Benki hutazama kipato, madeni na historia ya ulipaji.

Hatari huanza pale tapeli anapotumia jina, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa ya mtu mwingine kukopa. Deni lisipolipwa, huripotiwa CRB, yaani ofisi ya kumbukumbu za mikopo, na mwenye jina huja kushtuka siku anapokataliwa mkopo wake halali. Huo ni uonevu mchungu. Taarifa kama hizo huweza kuvuja kwa wingi: mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo kazi yake ni kutunza rekodi za mikopo, ilidukuliwa na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Mwaka uliofuata, kufungia rekodi ya mkopo, ili tapeli asikope kwa jina la mtu, kukawa bure kisheria nchini humo.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka kampuni imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu igundue kuwa data zimevuja.

Msomaji aombe ripoti yake ya CRB, ambayo hutolewa bure mara moja kwa mwaka. Akikuta deni asilolijua, apinge mara moja kwa maandishi, kabla hajaomba mkopo.