Raha ya Pikipiki Kuukuu: Kumsoma Mtakatifu Thoma Barabarani



Neno "raha" lina shida kidogo katika Kiswahili cha kanisani. Tunapowaombea marehemu wetu tunawaombea raha ya milele, bila wasiwasi wowote. Lakini padre akisema Dominika kwamba vijana wa siku hizi "wanapenda raha", hakuna muumini anayedhani wamesifiwa. Neno starehe limeshaelekea baa. Anasa hutajwa kwenye mahubiri ili ikataliwe tu. Furaha imebaki safi, safi mno, hata tunaiona kuwa ya roho peke yake. Basi frateri anapofika kwenye sehemu ambayo Mtakatifu Thoma wa Akwino anazungumzia delectatio, yaani raha, mara nyingi ameshaamua kabla ya kusoma kwamba hapo panazungumzwa vishawishi.

Asome polepole. Katika Summa Theologiae, Sehemu ya Kwanza ya Sehemu ya Pili, Thoma ametenga maswali manne mazima, kuanzia la 31 hadi la 34, kwa ajili ya raha: ni nini, inatokana na nini, inazaa nini, ni njema au mbaya. Leo tuchukue vifungu viwili vya mwanzo vya swali la 32, kuhusu sababu za raha. Na kwa kuwa Thoma mwenyewe hakuona aibu kutoa mifano ya moto na chakula, sisi tutatumia mfano unaoegeshwa nje ya nyumba nyingi za mapadre na makatekista huku kwetu: pikipiki ndogo ya zamani, ya CC 125.

Chombo chenyewe

Nachagua Honda CG 125, kwa sababu hata kama hujawahi kuiona, umeshapanda mtoto wake. Kabla yake Honda walikuwa wakiuza pikipiki ndogo zenye kamshafti juu, kwenye kichwa cha silinda. Ni muundo mzuri na unakimbia, ila unataka oili safi ipande mpaka juu wakati wote. Katika nchi nyingi zilizokuwa zikiendelea, mambo yalikwenda vingine. Oili ilikaa mpaka ikawa kama lami, mzigo ulikuwa wa watu watatu na gunia, cheni ililegea kwenye vumbi, na kamshafti ikaliwa. Wahandisi wakaamua kuibadilisha injini imfuate mtumiaji wake. Kamshafti ikashushwa chini, karibu na oili, na valvu zikawa zinasukumwa na fimbo mbili ndefu. Chujio la hewa likakuzwa. Cheni ikafungiwa yote ndani ya boksi. (Anayesoma teolojia ya kichungaji aiweke akilini habari hii ya kubadilisha chombo badala ya kumlaumu mkulima. Inastahili somo lake, lakini si leo.)

Pikipiki hiyo ilitoka katikati ya miaka ya 1970. Pakistani wanaitengeneza mpaka leo kwa sura karibu ileile. Wachina walinakili injini yake, na nyingi kati ya pikipiki za Kichina zilizoingia Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 2000 zinatumia nakala hiyo. Fundi wa kijijini anaifungua chini ya mwembe kwa spana chache na bisibisi, anasugua plagi kwa msasa, anaipuliza kabureta kwa mdomo, na safari inaendelea. Haina mbio za kujivunia. Ikiwa na begi la Misa na mtu mmoja nyuma, mlima mkali inaupanda kwa gia ya pili, na watoto wanaotoka shule wanaweza kukimbia pembeni yake hatua kadhaa.

Tendo kabla ya kitu

Kifungu cha kwanza kinauliza kama tendo ndilo sababu hasa ya raha. Jibu la Thoma ni ndiyo, na linashangaza kuliko linavyoonekana. Sisi tumezoea kudhani kwamba raha imo ndani ya vitu: ukiwa na kitu fulani utaona raha, usipokuwa nacho utaikosa. Thoma anasema raha inadai mambo mawili: kukipata kilicho chema kinachotufaa, na kujua kwamba tumekipata. Yote mawili ni matendo. Hata mali, kama haiguswi, haitumiki wala haifikiriwi, haimpi mwenyewe raha yoyote, imekaa tu. Hapa anafuata njia ya Aristotle, ambaye katika kitabu cha saba cha Maadili alieleza raha kuwa ni tendo lisilozuiliwa.

Mtazame sasa anayejifunza pikipiki kwenye uwanja wa parokia. Anaachia klachi ghafla, pikipiki inaruka kama chura na kuzima. Anapiga kiki mara saba. Anavuta mafuta mengi, anaogopa, anafunga breki. Chombo ni kilekile anachopanda katekista kila siku, petroli ni ileile, na raha hakuna hata chembe. Baada ya miezi miwili mtu yuleyule anaamka asubuhi ya baridi, anavuta choki, kiki ya pili inaitika, anasikiliza mlio mpaka utulie, anarudisha choki bila kuiangalia. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vinaelewana kuhusu gia. Kwenye kona anasukuma usukani mbele kidogo kwa mkono wa upande anaokwenda, na pikipiki inalalia upande huo. Wengi hufanya hivyo miaka ishirini bila kujua kwamba ndivyo wanavyofanya. Kilichoongezeka ni kwamba tendo limeacha kuzuiliwa. Aliyejifunza kinanda anaijua hali hii, na aliyesoma Kilatini mpaka sentensi ikaanza kujifungua yenyewe anaijua pia.

Ndiyo maana ukuukuu wa chombo unasaidia. Pikipiki ya zamani haimfanyii mtu mengi. Haina kompyuta ya kupima mafuta wala ya kuzuia gurudumu lisiteleze. Sikio lako ndilo linalokwambia kwamba injini inamisi, na kiganja ndicho kinachohisi cheni imelegea. Sehemu kubwa ya tendo imebaki mikononi mwa mpandaji, na raha inakuja pamoja nalo.

Mwendo na silabi

Kifungu cha pili kinauliza kama mwendo, yaani kubadilika, ni sababu ya raha. Swali hili linapata jibu lenye sehemu tatu, na ya tatu ndiyo ninayoipenda. Binadamu, anasema Thoma, anatamani kukijua kitu chote kwa ukamilifu. Lakini vipo vitu visivyoweza kushikwa vyote kwa mara moja. Kwa vitu hivyo tunafurahi kuona sehemu moja ikipita na nyingine ikifuata, ili hatimaye tukipate chote. Anamtaja Mtakatifu Augustino, ambaye katika kitabu cha nne cha Maungamo anatoa mfano wa mtu anayesikiliza maneno: hatamani silabi zisimame, anataka zipite ili nyingine zije na aisikie kauli nzima.

Barabara ni kauli ya namna hiyo. Chukua njia ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kilomita 60 na ushee. Unaanza kwenye milima ya Umatengo, ambako wakulima wamechimba ngolo, yale mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko kama sega la nyuki, yanayoshika maji ya mvua na kuzuia udongo usibebwe. Kahawa iko pembeni. Kisha njia inateremka na kuteremka mpaka Ziwa Nyasa, lililo takribani mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Aliye kwenye gari lililofungwa vioo ataiona safari hii, na ni nzuri. Aliye kwenye pikipiki ndogo ataipokea kwa ngozi. Penye kijito bondeni, hewa baridi inampiga magotini kabla hajayaona maji. Moshi wa jiko la mtu unamwambia kwamba kuna nyumba nyuma ya migomba. Koti aliloanza nalo linaanza kumchosha kadiri anavyoshuka, na kabla ya kuliona ziwa anasikia harufu ya usipa walioanikwa. Akisalimiwa anaweza kuitika, na aliyemsalimu akasikia.

Kasi kubwa inaharibu jambo hili kama msomaji wa Misa anayekimbiza somo: silabi zote zipo ila hakuna aliyesikia kitu. Pikipiki isiyo na nguvu nyingi inamwekea mpandaji mwendo ambao masikio na macho yanaweza kuufuata. Kwenye mteremko kama ule, tena, akili inamtaka abaki kwenye gia ya pili au ya tatu na kuiacha injini imshike. Wale wanaoshuka na frii ili kuokoa petroli ya shilingi mia chache wanaiachia breki kazi yote, na breki za ngoma zikipata moto zinalegea.

Pingamizi

Thoma hamalizi kifungu bila pingamizi, nasi tusikwepe. La kwanza linatoka kwa mwanajumuiya anayeendesha bodaboda: raha gani, Padre? Yeye ameamka saa kumi na moja alfajiri, ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, au yuko kwenye mkataba ambao akikosa kulipa wiki mbili pikipiki inachukuliwa na fedha zake za miezi kumi zinapotea. Mkono wake ni stadi kuliko wa padre yeyote. Barabara ni ileile. Turudi basi kwenye tendo lisilozuiliwa: deni lile ndilo kizuizi. Anapandisha mlima huku akihesabu, na harufu ya kahawa haimfikii. Parokia inayomsemesha kijana huyu kuhusu ajali na uasherati tu, bila kumuuliza mkataba wake una masharti gani, haijamwona bado. Chama cha kuweka na kukopa cha parokia, kikimwezesha kununua chombo chake kwa riba anayoiweza, kinamrudishia sehemu ya siku yake ambayo hakuna mahubiri yanayoweza kuirudisha.

Na ajali zipo. Wodi za mifupa zinajulikana kwa kila familia. Katika swali la 34 Thoma anafundisha kwamba raha huhukumiwa kwa tendo inalolifuata. Anayekimbiza pikipiki katikati ya soko ili atazamwe, tendo lake ni kutazamwa, na barabara ameiazima tu. Kofia ngumu ivaliwe na anayeendesha na anayebebwa pia, hata kama aliyebebwa ni mwenyekiti wa kigango na anaogopa kuharibu nywele.

Pingamizi la pili linahusu ufukara. Tarehe 6 Julai 2013 Papa Fransisko aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba anaumia akimwona padre au sista na gari la toleo jipya kabisa. Akakiri kwamba gari linahitajika, ila lichaguliwe la kawaida. Mwaka huohuo kampuni ya Harley-Davidson ilimpa pikipiki. Moja, aliyoitia sahihi kwenye tangi, ilipigwa mnada Paris Februari 2014 kwa zaidi ya euro 200,000, na fedha zikaenda Caritas ya Roma. Waamini wanaipenda habari hii, hasa wakati wa michango ya gari la paroko. Naomba wasiitumie vibaya. Padre mwenye vigango kumi na vinne kwenye udongo wa mfinyanzi, wakati wa masika, anahitaji gari, na mama mwenye uchungu wa kujifungua hapakiwi kwenye keria. Padre Paul Schulte, Mwoblate wa Kijerumani, alianzisha MIVA mwaka 1927 ili wamisionari wapate vyombo vya usafiri, baada ya rafiki yake kufariki Afrika bila kufikishwa kwenye matibabu kwa wakati. Halafu kipo pia kiburi cha pikipiki chakavu, cha paroko anayemwonyesha kila mgeni jinsi ilivyofungwa waya. Huyo naye raha yake imehamia kwenye kumiliki.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi seminarini: muda wa kufurahia kona za barabara ungetumika kusali rozari. Thoma amelijibu mahali pengine, Sehemu ya Pili ya Sehemu ya Pili, swali la 168, kwa hadithi aliyoipata kwa mababa wa jangwani. Watu walikwazika kumkuta Yohane Mwinjili akicheza na wanafunzi wake. Akamwita mmoja wao aliyekuwa na upinde, akamwambia arushe mshale, na mwingine, na mwingine, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akasema upinde ungevunjika. Thoma anaongeza, katika kifungu cha 4 cha swali hilohilo, kwamba mtu asiyejiruhusu burudani kabisa, akawa mzigo kwa wenzake, anaweza kuwa anakosea dhidi ya akili sawa.

Wanaotaka kuendelea wasome swali la 38 la ile sehemu tuliyoanza nayo, kuhusu dawa za huzuni. Raha imetajwa ya kwanza, kisha machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli. Kifungu cha 5 kinahusu usingizi na kuoga. Kwa aliyerudi kutoka kigangoni jioni ya Agosti, na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, kifungu hicho hakihitaji mwalimu.