Heshima kwa Mzazi Aliyepoteza Kumbukumbu: Nani Atamtunza, na Nani Atalipa?

Fundisho la mwezi. Someni kwanza: Marko 7:9–13; 1 Timotheo 5:4–8; Yohana 19:25–27.



Amri ya nne twaijua sote. Tulifundishwa siku za kipaimara, tukaisema mbele ya mchungaji pasipo kukosea. Lakini kuijua amri ni jambo moja, na kuitenda katika nyumba ya mzee asiyemtambua tena mtoto wake ni jambo jingine. Katika sharika nyingi za mlimani kwetu Kilimanjaro habari ni moja. Baba au mama amezeeka, naye amesahau. Huamka usiku akitafuta ng'ombe waliokufa zamani. Humshtaki mkwewe kwamba ameziiba fedha zake. Hutoka peke yake, akakutwa kando ya mfereji wa maji. Watoto wako Dar es Salaam na Arusha; nyumbani yuko mmoja tu, naye amechoka.

Basi mwezi huu twataka kujifunza pamoja jinsi ya kumtunza mzee wa namna hii, na hasa lile neno ambalo jamaa hawapendi kulinena, yaani gharama.

1. Ni ugonjwa, si laana

Madaktari wauita ugonjwa huu demensia. Sisi twauita ugonjwa wa kusahau. Si uzee wenyewe, maana wako wazee wafikao miaka 90 na akili zao zi kamili. Ni ugonjwa wa ubongo, nao una aina nyingi. Aina iliyo kubwa kuliko zote yaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Aina nyingine hutoka katika mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa watu wenye shinikizo la damu au waliopata kiharusi.

Wala mtu asidhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu tu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 wagonjwa walikuwa milioni 57, na wengi wao wakaa katika nchi zisizo tajiri. Tena wilaya ya Hai, ndiko kuliko Machame, walikofika wamisionari wa Leipzig mwaka 1893, watafiti walipita vijijini wakiwapima wazee. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2013: katika wazee wa miaka 70 na zaidi, kadiri ya 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Basi karibu kila usharika unao wagonjwa wake, ijapokuwa hawaonekani ibadani, kwa sababu wamefichwa nyumbani.

Kwa nini wafichwa? Kwa sababu ya aibu, na kwa sababu ya hofu. Wako wasemao kwamba mzee amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi. Katika nchi hii wako akina mama wazee waliouawa kwa maneno kama hayo. Mkristo asikubali jambo hili hata kidogo. Mama asemaye na watu wasioonekana haagani na pepo. Ubongo wake wamwonyesha yasiyokuwapo. Tena kumfunga kamba mchana kutwa si matunzo.

2. Fedha ya kwanza iende hospitali

Kabla jamaa hawajatafuta mtu wa kumtunza mzee, na wampeleke kwa daktari. Yako maradhi mengine yafananayo na ugonjwa wa kusahau, na baadhi yake hutibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi vema, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, huzuni kubwa baada ya msiba, ugonjwa wa mkojo, hata damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka. Dawa zenyewe zaweza kumchanganya mzee. Kwa hiyo zichukuliwe zote mfukoni, ili daktari azione. Na yule akaaye naye kila siku ndiye aende pamoja naye, maana ndiye ajuaye lini mambo yalianza.

Ikiwa ni Alzheimer, hakuna dawa iwezayo kuuondoa ugonjwa. Basi jihadharini na watu wauzao chupa na mizizi wakiahidi kurudisha kumbukumbu. Wako waliouza ng'ombe kwa ajili ya ahadi hiyo, na ilipofika siku ya kumnunulia mzee blanketi, hawakuwa na kitu.

3. Kosa la Korbani

Katika Marko sura ya saba Bwana Yesu awakemea watu walioonekana kuwa wa dini sana. Mali iliyopasa kumsaidia baba na mama, wao waliitaja kuwa sadaka ya Mungu, Korbani, kisha wakajiona wamefunguliwa na deni la wazazi. Bwana asema kwamba kwa njia hiyo wameitangua amri ya Mungu. Basi twajifunza ya kuwa kumheshimu mzazi si kumpigia goti tu. Heshima ina chakula ndani yake, na nguo, na kuni, na fedha. Naye Luther, katika Katekisimu Kubwa, afundisha kwamba wazazi waheshimiwe hata wakiwa maskini, wadhaifu, na wenye tabia ngeni.

Je, sisi hatuna Korbani yetu? Yuko atoaye sana siku ya mavuno, jina lake likasomwa, na mama yake hana sabuni. Yuko asemaye, “Naendelea kujenga, nitamkumbuka mzee baadaye.” Tena yuko ambaye siku ya mazishi huchinja ng'ombe na kujenga kaburi la vigae, naye kwa miaka mitano ya ugonjwa hakutuma hata nauli ya hospitali. Ng'ombe yule amechelewa.

4. Hesabu ya nyumba

Desemba yaja, na watoto watarudi mlimani kwa Krismasi. Siku moja katika siku hizo, kabla ya nyama na vinywaji, jamaa na waketi wenye daftari. Tuweke mfano.

Mama ana watoto watano: wawili wako Dar es Salaam, mmoja yuko Arusha, mmoja ameolewa kijiji cha pili, na kitinda mimba akaa kihambani pamoja na mkewe, kama ilivyo desturi. Kwa mwezi mmoja waandika hivi: msaidizi wa mchana shilingi 120,000, chakula cha mama 80,000, sabuni, nepi za watu wazima na nguo 50,000, dawa za shinikizo la damu na nauli 30,000, akiba ya dharura 20,000. Jumla ni shilingi 300,000. Wakigawa kwa watano, kila mmoja atatoa 60,000.

Yaonekana kuwa haki, lakini sivyo. Katika hesabu hii mtu mmoja amesahauliwa, naye ni mke wa kitinda mimba. Yeye ndiye alalaye chumba kimoja na mama, ndiye aamkaye mara tatu usiku, ndiye afuaye mashuka. Shirika la Afya Duniani lilipima kazi ya jamaa wawatunzao wagonjwa hawa mwaka 2019, likaona kwamba kwa wastani ni saa 5 kila siku. Hizo ni saa 35 kwa juma, na Jumapili ni mojawapo. Basi fungu la kitinda mimba limekwisha kulipwa kwa usingizi wa mkewe. Wale wanne wengine wagawane shilingi 300,000, kila mmoja 75,000. Mwenye mshahara mkubwa azidishe. Mwenye shida apunguze, alete ndizi na maziwa, au aje siku mbili kila mwezi kushika zamu, ili mwenzake apumzike na kwenda ibadani.

Agano hilo liandikwe. Fedha zitumwe kwa simu tarehe ileile kila mwezi, wala zisingoje kuombwa. Tena mwenye kutunza fedha asiwe yuleyule amtunzaye mama. Wagonjwa hawa husema mara nyingi kwamba wameibiwa. Hesabu ikiwa mkononi mwa mwingine, mtunzaji ataokoka na masingizio, na undugu hautavunjika.

5. Mzee akae wapi?

Wengine huuliza, “Je, hakuna nyumba ya kumweka?” Serikali inayo makazi ya wazee, kama Njoro huko Moshi, Kolandoto huko Shinyanga na Nunge huko Kigamboni, lakini yamewekwa hasa kwa wazee wasio na jamaa wa kuwatunza. Nyumba za kulipia ni chache, na bei yake yawashinda wengi.

Hata Ujerumani, nchi yenye nyumba nyingi za namna hii, mambo si mepesi kama tudhanivyo. Tangu mwaka 1995 wanayo bima ya matunzo: mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara kila mwezi, ili akidhoofika apate msaada. Walakini bima hiyo hailipi gharama yote ya nyumba ya wazee, na mgonjwa au jamaa zake huongeza. Tena katika watu wahitajio matunzo huko, zaidi ya wanane katika kumi wakaa nyumbani kwao. Basi matunzo ya nyumbani si dalili ya umaskini wetu. Neno kubwa ni kwamba yeye aliye nyumbani asiachwe peke yake.

Mkitafuta msaidizi wa mshahara, msimchukue mtoto apaswaye kuwa shuleni. Mchukueni mtu mzima mwenye saburi, aijuaye lugha ya mzee, maana mgonjwa akisahau Kiswahili, Kichaga chaweza kubaki. Akae naye juma moja pamoja nanyi kabla ya kuachiwa kazi. Mwangalieni mzee akiwa anaoshwa: akiogopa kuguswa na mtu huyo, tafuteni mwingine. Na mshahara wa msaidizi ulipwe kwa siku yake; kumdhulumu amtunzaye mama yako ni kumdhulumu mama yako.

6. Mali ya mzee mwenyewe

Kama mzee ana malipo ya uzeeni, migomba au ng'ombe, mali hiyo imtunze yeye kwanza, kabla ya kuitwa urithi. Ulizeni ofisi ya bima ya afya kama mzazi aweza kuandikwa pamoja na mtoto aliye mwanachama. Kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, serikali imeweka utaratibu wa matibabu bila malipo. Ulizeni kwa mtendaji wa kijiji au kwa ofisa wa ustawi wa jamii.

Lakini neno moja twalisema kwa nguvu. Mtu asiyeelewa tena afanyalo hawezi kuuza shamba, kwa kuwa sheria yadai akili timamu kwa afanyaye mkataba. Kumshika mzee kidole gumba na kukikandamiza juu ya karatasi ni wizi, hata kama washahidi ni wazee wa kanisa. Kwa hiyo dalili za kwanza zikionekana, naye bado yu mzima wa akili, na aandike wosia wake mbele ya wote.

7. Kazi ya usharika

Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi Hai walitoa habari njema. Wazee wenye ugonjwa huu walikusanywa vikundi vidogo, mara 14 katika majuma 7, wakazungumza habari za kale, wakaimba, wakafanya kazi ndogo za mikono. Akili zao na hali zao zikaonekana kuwa afadhali. Haikuhitaji mashine. Jumuiya zetu na umoja wa akina mama waweza kufanya kama hayo chini ya mti wa kanisa, siku moja au mbili kwa juma, na saa zile mtunzaji apumzike. Mwinjilisti aendaye kumwona mgonjwa asimwulize, “Wanikumbuka?” maana swali hilo lamtia fadhaa. Ajitaje jina, aketi, aanze wimbo wa zamani. Mara nyingi mzee aliyesahau majina ya watoto wake ataushika ubeti, na Baba Yetu ataisema hata mwisho.

Msalabani, katikati ya maumivu, Bwana wetu alimtafutia mama yake mahali pa kukaa, akamkabidhi kwa mtu aliyekuwapo; na yule mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake tangu saa ile. Nabii Isaya naye, katika sura ya 49, anena ya kwamba hata mama aweza kumsahau mtoto wake, bali Mungu hawasahau watu wake. Mama aliyetusahau yumo katika ahadi hiyo. Nasi tuliopewa mikono na fedha, tumewekwa tuwe njia ya kumkumbuka.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni nani amtunzaye mzee wa namna hii, na lini alipumzika mara ya mwisho?
2. Korbani yetu ni ipi?
3. Jamaa yetu tumekwisha kuandika hesabu na kugawana mzigo? Kama bado, tutaketi siku gani?