Dawa Iliyopotea Motoni

Tangu kale wanadamu wametafuta dawa katika majani, mizizi na magome ya miti. Mzee mmoja husema jani fulani huponya homa, mwingine hukana. Je, ukweli wajulikanaje? Si vema kuamini kila neno, wala si vema kulidharau. Sharti lipimwe. Habari hii ya nchi ya China yaonyesha jinsi kazi hiyo ifanywavyo.

Mwaka 1967 palikuwa na vita huko Vietnam, na askari wengi walishikwa na malaria. Klorokwini, dawa iliyotumika sana siku zile, ilikuwa imeanza kushindwa na vijidudu vya ugonjwa huo. Basi serikali ya China ikawakusanya wataalamu wake watafute dawa mpya. Mwaka 1969 mwanamke mmoja wa Beijing, jina lake Tu Youyou, aliwekwa kuwa kiongozi wa kundi la kuchunguza dawa za asili.

Kwanza walisoma vitabu vya kale na kuwauliza waganga, wakaandika dawa zaidi ya 2,000. Kisha wakachagua mimea ipatayo 200, wakailoweka au kuichemsha ili kuitoa nguvu yake, wakapata dawa za kujaribu 380 hivi. Wakawapa panya wenye malaria, wakatazama damu yao: je, vijidudu vimepungua? Mara nyingi havikupungua.

Mmea mmoja uitwao qinghao, ulio wa jamii ya pakanga, ulipunguza vijidudu safari moja, na safari nyingine haukufaa. Mtu asiye na saburi angaliutupa. Tu Youyou akarudi vitabuni, akasoma agizo la mganga Ge Hong, aliyeishi miaka zaidi ya 1,600 iliyopita. Ge Hong aliagiza majani yalowekwe majini, yakamuliwe, na mgonjwa anywe maji yake. Hakutaja kuchemsha. Ndipo Tu Youyou akafikiri: labda moto ndio uiharibuo dawa.

Basi akatumia etha, ambayo huchemka kwenye digrii 35 tu, hali maji huchemka kwenye digrii 100. Kwa joto hilo dogo nguvu ya majani ilitoka bila kuharibika. Tena akaigawa dawa mafungu mawili, lenye asidi na lisilo na asidi. Lenye asidi halikutibu, tena lilidhuru, akaliondoa. Mwezi wa Oktoba 1971, dawa ya nambari 191 iliua vijidudu vyote katika damu ya panya.

Hata hivyo, panya si mtu. Mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake wawili waliinywa kwanza wao wenyewe, ili wajue kama ina sumu. Walipoonekana wazima, wakapewa wagonjwa 21, nao wakapata nafuu. Mwaka ule ule dawa ikasafishwa hata zikapatikana chembe safi mfano wa chumvi, zikaitwa artemisinini. Wakemia wakaipima, wakaona ya kuwa kila molekuli yake ina atomi 15 za kaboni, 22 za hidrojeni na 5 za oksijeni. Atomi mbili za oksijeni zimeshikana kama daraja, na pasipo daraja hilo dawa haiui vijidudu.

Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel. Leo dawa zitokanazo na artemisinini huchanganywa na dawa nyingine, nazo ndizo vidonge vya mseto wapewavyo wagonjwa wa malaria Kenya na Tanzania.

Lakini chai ya majani ya mmea huo haiwezi kushika mahali pa vidonge. Kikombe kimoja huwa na dawa nyingi, kingine kidogo. Na dawa ikipungua, vijidudu hubaki na kuizoea. Jani lilitupa dawa. Kipimo ndicho kiifanyacho iokoe maisha.

MASWALI

1. Kwa nini qinghao ilifaa safari moja na kushindwa safari nyingine?
2. Agizo la Ge Hong lilimfundisha nini Tu Youyou?
3. Kwa nini haikutosha kuijaribu dawa kwa panya peke yao?
4. Taja mmea mmoja wa dawa utumiwao kwenu. Ungeupimaje?